Nyumba ya Joto ya Soksi

Njagi wa Manyatta ni fundi wa mbao anayesifika. Vitanda vya nusu ya kijiji vimetoka mikononi mwake. Lakini kwa mambo ya mbwa alifuata desturi ya majirani bila kujiuliza. Mbwa anayezurura mchana, walisema, huzoea watu na kupoteza ukali. Basi tangu mbwa wake Soksi akiwa kitoto, kila asubuhi Njagi alimsukuma kwenye kibanda cha mabati chenye giza, akapiga komeo, akamfungulia jua likitua. Soksi alilia mpaka akachoka kulia. Akawa mkali kwelikweli, na Njagi akatamba naye sokoni.

Sasa Soksi amezeeka, hafungiwi tena, hulala nje. Julai hii ukungu ulishuka kutoka mlimani, manyunyu yakakataa kukatika, na mbwa akashikwa na kikohozi cha kumtikisa mbavu. Daktari wa mifugo alisema wazi kwamba akiendelea kulowa, hatamaliza mwezi.

Njagi aliona haya. Aliweka kando kabati la mteja, akamjengea Soksi nyumba ya maana: kuta za mbao mbili mbili, katikati vumbi la mbao lililoshindiliwa, sakafu iliyoinuliwa juu ya matofali, nyasi kavu ndani, na mlango mdogo wa kuzuia upepo. Ukiingiza mkono humo, ni kama umeuweka chini ya kuku anayeatamia.

Soksi aliinusa, akarudi nyuma, akaenda kujilaza kwenye tope chini ya mgomba.

Njagi alimbembeleza kwa mfupa. Wapi! Akambeba amwingize mwenyewe. Mbwa akatetemeka, akamkojolea mikononi, macho yameganda kwenye ule mlango.

"Baba Mutuma," mkewe Kendi akaita kutoka jikoni, "huyo anajua mlango inafanyanga nini. Si ni wewe ulimfunza?"

Maneno hayo yalimkata maini. Alichukua bisibisi, akaung'oa mlango na komeo lake, akatundika gunia mahali pake. Kisha akachuchumaa kando, akingoja. Mvua ikawalowesha wote wawili. Soksi hakusogea.

"Kuja ukunywe chai, utakuwa mgonjwa bure," Kendi akamwita.

Njagi aliingia jikoni shingo upande. Hata hajashika kikombe, Kendi akachungulia dirishani.

"Ameingia."

Njagi akatoka mbio, furaha imemjaa. Soksi aliposikia hatua zake, alitoka chini ya gunia, akarudi kwenye tope, akakohoa.

Tangu siku hiyo Kendi ndiye humpelekea chakula. Njagi hupitia nyuma ya zizi, njia ndefu yenye utelezi, ili Soksi asimwone. Akisikia kile kikohozi, moyo humuuma, hutamani aende kumfunika kwa koti lake. Lakini hubaki pale pale jikoni, mikono mapajani, kwa sababu akienda, Soksi atatoka ndani ya nyumba yake arudi kwenye mvua.