Marietha na Fisi wa Kitabuni

Mimi Mughwai niliishia darasa la nne, na sijaona la tano lingeniongezea nini. Mpwa wangu Marietha alipokuja likizo kutoka sekondari, akapewa kazi ya kulinda mtama dhidi ya ndege, ni mimi niliyempa akili.

"Panda ulingoni na kitabu chako," nikamwambia. "Soma kwa kelele. Ndege watakimbia, na wewe utakuwa umesoma."

"Mjomba, wewe ungefaa kuwa mwalimu mkuu."

"Walinikosa."

Kitabu kilikuwa cha shule, hadithi ya watoto ambayo hata walimu wake waliisoma utotoni. Msichana kafukuzwa kwao, anakutana na fisi anayesema kama mtu, wanakuwa marafiki. Marietha alikipenda hadi akawa anakula ugali macho yakiwa kwenye karatasi. Basi siku nzima sauti yake ikawa inavuka mashamba: "Njoo, fisi rafiki yangu! Njoo ukae karibu nami!"

Shamba la jirani lilikuwa la Mama Manase, mjane aliyeletwa karibu nasi tulipopangwa kwa mistari katika kijiji cha ujamaa. Hatukumjua, na mgeni hachelewi kupewa sifa. Sisi watu wa kijiji hiki cha Mungaa tulishasema kwamba hutembea usiku kama wachawi. Wiki hiyohiyo Marietha alipokuwa akisoma ulingoni, fisi wakamlia mbuzi.

Mama Manase hakulia. Alikwenda kwa Gaspari, balozi wetu wa nyumba kumi. "Anayewaita nimemsikia kwa masikio yangu," akasema. "Anawaita mchana kweupe, wanakuja usiku."

Kwetu wapo wachawi wanaofuga fisi kama wengine wanavyofuga ng'ombe. Hilo halina ubishi. Watu wakaanza kupita mbali na mlango wa dada yangu Klara, mama yake Marietha. Mimi siogopi kitu, ila siku zile mbuzi wangu nilimlaza ndani, na Marietha akitembea nilimwangalia miguu, isije ikawa imeota makucha.

"Mjomba, unanichunguza?"

"Naangalia kama viatu vya shule vinakutosha."

"Niko peku."

Gaspari akakichukua kitabu, akatangaza kwamba kitachomwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu wote. Marietha akakaa chini hapohapo. Asiporudisha kitabu, shule haimpokei. Na hapa kijijini, msichana aliyekosa shule kwa ajili ya fisi, nani angempa hata kaa la kuwashia jiko?

Jumapili moto ukawaka. Nikasimama. Nani mwingine angethubutu?

"Balozi, hata mwizi wa kuku husikilizwa kwanza. Sembuse kitabu?"

"Haya, asome," Gaspari akasema. "Lakini asimame upande ule wa moto."

Marietha akafungua kurasa za mwanzo, akasoma. Fisi alisema hakuja kula. Alisema watu wote humtaja usiku, lakini hakuna anayemsalimu mchana. Msichana akafikiri, kisha akamwambia, "Shikamoo, fisi."

Watu wakacheka. Mama Manase hakucheka.

"Upuuzi huu unaupendea nini?" akauliza.

"Yule msichana anaogopa, Mama. Anaogopa mpaka mwisho wa kitabu. Ila kila siku anamsalimu."

Tukageuka kutazama moto. Tangu mama yule ahamie, kila alipopita sisi tulikuwa tunainama kutafuta kitu kilichodondoka.

"Na fisi aliitikia?" Mama Manase akauliza kwa ukali.

"Ukurasa unaofuata."

"Si usome!"

Akasoma mpaka moto ukafa wenyewe, na Gaspari, aliyekuwa amekaa juu ya kuni zilizobaki, hakukumbuka kuziongeza.

Siku ya kurudi shule, Marietha alipita mlangoni kwa Mama Manase, sanduku kichwani, kitabu kwapani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Zizi langu usilisogelee." Akamwacha apige hatua kadhaa, kisha akapaza sauti. "Likizo ijayo uje na kingine! Ila kiwe cha sungura!"

Mimi nami siku hizi humwamkia yule mama, kwa mbali kidogo. Mbuzi wangu bado analala ndani.