Jumanne Ambayo Alwyn Hakuja

Benki kubwa ilipofunga tawi lake la Warrabin, mji mdogo wa Australia, Noreen Tischler alikuwa na miaka hamsini na moja, na ishirini kati ya hiyo aliimalizia kwenye kaunta. Wenyeji walikataa kuachwa. Mwoka mikate, muuza vipuri, wakulima wa ngano, hata washarika wa kanisa la Kilutheri, kila mtu alinunua hisa alizoziweza, wakafungua benki yao katika jengo lilelile na kumrudisha Noreen kitini. Faida ya kwanza iliezeka ukumbi wa mji. Miji jirani ikaona, ikajiunga mmoja mmoja, hata yakawa matawi saba, na ofisi kuu ikahamia mji ambao Noreen aliujua kwa sababu ya daktari wa macho tu.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Jumapili zilikuwa ndefu kwake.

Alwyn Schirmer, mzee mfuga kondoo, alikuwa akija kila Jumanne saa nne asubuhi kuchukua dola hamsini.

"Mashine ya kutolea pesa iko hapo nje, Alwyn."

"Mashine haijui kugombana."

"Basi vua kofia. Umeniletea vumbi la shamba zima."

Jumanne moja hakuja. Saa tano Noreen akapiga simu, haikupokelewa.

"Ni mteja mmoja tu," alisema meneja mpya, Darcy, aliyeletwa na ofisi kuu. "Labda amelala."

"Alwyn? Hajawahi kulala mpaka saa nne tangu azaliwe."

"Sheria hairuhusu kuacha kaunta, Noreen."

"Kaa wewe hapo, basi."

Akaendesha gari kilomita arobaini za barabara ya changarawe. Alimkuta nyuma ya banda la kunyolea kondoo, ngazi imemlalia, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Alikuwa hapo tangu jana yake asubuhi.

"Umechelewa," alinong'ona mzee.

"Nyamaza, unywe maji."

Akapona, lakini hakurudi. Binti yake alimchukua akaishi naye mjini Adelaide, shamba likauzwa.

Kwenye mkutano mkuu wa wanahisa picha ya Noreen ilitundikwa ukutani, kubwa kuliko mlango, na chini yake maneno: Tunamjua Mteja Wetu. Mwenyekiti alimpa kipaza sauti.

"Tuambie, ulijuaje?"

"Hakuja," alisema Noreen. "Ndiyo hivyo tu."

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Kati ya watu mia nne aliwafahamu tisa. Wakampa cheo: azunguke matawi yote kuwafundisha wafanyakazi wapya namna ya kuwajali wateja. Akawa analala nyumba za wageni za kando ya barabara kuu, akila mkate na mayai mbele ya televisheni iliyozimwa sauti.

Asubuhi moja, akiwa bado garini nje ya tawi jipya la nane, alimpigia Alwyn.

"Nani yuko kwenye kaunta yako siku hizi?" aliuliza mzee.

"Msichana fulani. Mchangamfu. Watu wanampenda."

"Na wewe?"

"Mimi nazunguka. Leo hapa, kesho kwingine."

"Ukifika nyumbani, nani anajua umefika?"

Upande wa pili binti akamwita mzee anywe chai, wakaagana. Noreen akajifuta macho, akaingia ndani kujitambulisha.