Tulivyogombania Jumamosi ya Luzira: paintball ya porini dhidi ya ya uwanjani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kampala.

Haya yamenikuta mwenyewe na paja bado lina alama ya bluu. Anayetafuta chai aende mgahawani.

Mimi ni Mkenya, nauza spea za pikipiki Bugolobi. Wikendi nacheza paintball: bunduki za risasi za rangi, ikikupasukia umetoka.

Timu yetu ni ya porini, huko Luzira. Captain ni Hajati Zamu, mama wa Kinubi anayeuza vitambaa. Style yake ni kulala kwenye nyasi, kunyamaza, na kufyatua moja tu akiwa na uhakika.

Wapinzani ni vijana wa Kabalagala. Wao ni wa uwanjani: mahali peupe, maputo makubwa ya kujifichia, filimbi ikilia ni mbio na kumwaga risasi.

Sasa mwenye eneo akasema Jumamosi imebaki nafasi ya timu moja tu. Tucheze mechi tatu, mshindi aichukue.

Wakuu, mimi wiki nzima naishi kwa ajili ya Jumamosi. Hata kula nilishindwa.

Porini tuliwamaliza kabla hawajajua risasi zinatoka wapi. Watu wanatembea wima wanapiga stori!

Uwanjani wakatunyoosha. Hebu pateni picha: tumejifunga majani kichwani, tumelala kifudifudi katikati ya maputo mekundu. Refa alicheka mpaka akaangusha filimbi.

Ya mwisho ikarushwa shilingi, ikaangukia uwanjani tena. Nikashauri na sisi tukimbie kama wao. Hajati akakataa.

"Mutakimbia wapi? Kaa hapa nyuma. Wacha wamalize risasi yao."

Filimbi ikalia, tukajibanza nyuma ya puto letu la kwanza. Wao wakamwaga rangi kila mahali ambapo mtu huwa anakimbilia. Hawa vijana hawajui kubana matumizi kabisa.

Zikawaishia. Walipoinama kujaza, Hajati akachungulia, akawachukua mmoja mmoja.

Nikajua tumewamaliza.

Mimi kwa furaha nikaruka juu, nikaanza kukata mauno. Paa! Ya paja.

Captain wao, Deo, alikuwa amelala chini ya puto muda wote, katulia, risasi zake hajazigusa. Style yetu kabisa! Nikatoka nachechemea, naiona Jumamosi inakwenda.

Deo naye akainuka kunicheka. Hajati hakuwa ameinuka hata mara moja. Akamtia moja ya katikati ya mask.

Nililia, wakuu. Hadharani.

Baadaye Deo akaja, rangi inamchuruzika, akamwomba Hajati amfundishe kutulia vizuri zaidi. Nikajua atafukuzwa.

"Jumamosi sasa ni yetu," Hajati akamwambia. "Wewe kuja. Leta na wenzako, huyu wangu wafundishe yeye kukimbia."

Huyu wake ndiye mimi.

Nilichojifunza: porini ni subira, uwanjani ni kasi, ila usikate mauno kabla ya refa kumaliza mchezo.

Waliocheza zote mbili tupeni uzoefu. Filimbi ikilia, unachomoka au unabaki? Uwanja ni wenu, na kunicheka ruksa.