Mguu Mkubwa Namba Mbili

Harufu ya ngozi mpya iliyopakwa gundi inanichefua mpaka leo. Nikipita kwa washona viatu nikaisikia, kidole gumba cha mguu wa kulia kinaanza kuniwasha, na mguu wenyewe ulikatwa chini ya goti nikiwa na miaka minane. Lori la mawe lilinikanyaga kule kwetu Osukuru, Uganda. Dereva alikuwa Kanuti, mlevi, anarudi nyuma huku anaimba. Namtaja kwa sababu wakati ule hakuna aliyethubutu kumtaja.

Baba alikuwa ameshakufa, basi nikapelekwa Busia, upande wa Kenya, kwa mdogo wake Zablon. Msimwonee huruma huyu mtu. Aliuza sare za shule sokoni, kaptula za kaki na magauni ya bluu, na kila mtoto aliyeletwa pale alivishwa nguo kubwa namba mbili kuliko kipimo chake. "Atakua tu," alimwambia mzazi, pini midomoni, akikunja pindo. Watoto wa Busia walitembea kama nguo zilizoanikwa.

Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Mwalimu mkuu, Silasi, mtu wa tambo na tumbo, alisema hana wa kubeba watoto. Nikifika kwa miguu yangu siku ya kufungua muhula, nafasi ni yangu. Nisipofika, wanaoitaka ni wengi. Na mimi, jamani, nilitaka kusoma kuliko kula.

Ndipo nikapelekwa Tororo kwa fundi wa miguu ya mbao, Erasto, mwenye koti jeupe na saa ya mkononi aliyoitazama kuliko alivyonitazama mimi. Kigutu changu alikipima juu ya gauni, hata bendeji hakuifungua. Baba mdogo akamwinamia.

"Fundi, ongeza kidogo. Huyu bado anakua."

"Niongeze kiasi gani?"

"Namba mbili."

Na yule mpumbavu akaongeza!

Mguu ulipokuja ulinukia vanishi na ngozi, unang'aa kama meza ya padri. Lakini tundu la kuingizia kigutu lilikuwa pana kama kinu. Zablon akalishindilia soksi kuukuu na magazeti, akakaza mikanda, akajisifu. Siku ya shule nikatoka mapema. Kwata, kwata. Kila hatua kigutu kilizama kikagonga mbao, na mguu ukajizungusha wenyewe, mpaka mimi naelekea Uganda, vidole vya mbao vinatazama Kenya. Vijana wa baiskeli pale mpakani wakashika matumbo kwa kucheka. "Dada, tukupeleke wewe au tuupeleke mguu?"

Getini nilifika kwa makalio, soksi zimelowa damu. Silasi alinitazama kutoka juu. "Nilisema kwa miguu." Kabla ya mchana mtoto mwingine alikuwa amekalia nafasi yangu. Na Zablon? "Mguu hauna kosa. Mwenye kosa ni wewe, unadeka."

Basi nikakaa nyuma ya kibanda chake. Mbele yetu alikaa Mzee Opio, mtu wa Tororo mwenye Kiswahili cha kuokoteza, mchongaji wa mipini ya majembe. Siku moja aliniona nafungua mikanda, natoa magazeti yenye damu.

"Mtoto, nauma wapi?"

Niligeuka nyuma nione anamuuliza nani. Tangu lori la Kanuti, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

"Baba mdogo anasema mguu hauna kosa."

"Mimi siulizi yeye. Yeye ndio navaa? Wewe nasema, mimi nachonga."

Alikwangua masizi chini ya birika la chai, akanipaka kigutu chote, akanivisha mguu mtupu, akaniambia nisimame. Alipouvua, mbao zilikuwa na madoa meusi pale ziliponiuma. Palipobaki peupe palikuwa na nafasi tupu. Ndivyo alivyopima mipini yake. Penye weusi akachonga, penye nafasi akabandika blanketi na ngozi ya mbuzi. "Sasa?" Nikasema hapa bado. Akachonga tena, wala hakunikemea. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi aliniita akakagua, maana kigutu kilizidi kukonda, hakikukua hata kidogo.

Baada ya wiki chache nilienda mpakani na kurudi bila kushika ukuta. Zablon akawaita wateja. "Mnaona? Si nilisema atakua? Sasa umemtosha!" Akauza magauni mengi siku hiyo. Mzee Opio akatema mate pembeni, akaendelea kuchonga.

Nafasi shuleni haikurudi. Silasi alisema darasa limejaa. Mwaka uliofuata akasema nimeshakuwa mkubwa mno. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwa taabu, ndivyo mnavyoniona.

Miaka mingi nilidhani Zablon alikuwa bahili tu. Nilipolea wanangu ndipo nikamwelewa, na sikumsamehe. Mtoto ukimvalisha kinachomkaa sawasawa, itakubidi umtazame tena mwezi ujao, na mwezi wa baada ya huo. Zablon alitaka kunitazama mara moja, basi.