Lugha ya Jikoni kwa Manang

Ujumbe uliingia Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya chai pale chuoni, hapa Doha, Qatar. Ulitoka kwa mpwa wake Manang, dada ambaye sijawahi kuonana naye. Alisema shangazi yake amepata kiharusi, yuko kitandani kwao Ilokos, kaskazini mwa Ufilipino, mkono mmoja hausogei, na Kiingereza chote kimemtoka. Kilichobaki ni Kiilokano tu, lugha aliyozaliwa nayo. "Kama unataka kuongea naye, piga Ijumaa asubuhi. Daktari hatupi matumaini." Nikatoka kwenye foleni bila chai. Maana, mwenzangu, hicho Kiilokano mimi nilikijua. Kuna wakati nilikiongea kuliko Kiswahili cha mama yangu mzazi. Sasa nikijipekua kichwani, nakuta makombo. Na nilikuwa na siku hizo chache tu za kupata neno la kumwambia mwanamke aliyenilea, kwa lugha ambayo ataielewa.

Ngoja nikueleze Manang ni nani. Kwao neno hilo ni dada mkubwa. Wafilipino wote wa vila yetu walimwita hivyo, nami nikaliokota hukohuko, likanikaa mdomoni. Tuliishi Abu Hamour, mtaa wa hukuhuku Doha, kwenye vila kuukuu iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Baba alikuwa fundi mkuu wa viyoyozi, na cheo hicho ndicho kilichompa ruhusa ya kututoa Tanga. Mama alikuwa chumba cha kufulia hotelini, anatoka alfajiri, anarudi jua limeshazama. Manang alikuwa mfanya usafi wa zahanati, zamu ya usiku. Basi likinishusha mchana nikitoka shule, yeye ndiye aliyesimama getini na mwavuli, macho mekundu kwa usingizi aliouacha katikati. Jua la Doha la saa saba mchana, acha tu. Alikuwa ananiingiza chini ya mwavuli, yeye mwenyewe nusu ya mwili anaiacha nje.

Jiko tulilitumia pamoja. Mama hakumwamini mwanzoni, na mimi simlaumu. Manang alikuwa na chupa ya samaki waliochachishwa kwa chumvi, na akiifungua, jamani, vila nzima inajua. Mama akiingia anaziba pua kwa mtandio. Akamnunulia na sufuria ya pembeni, akamwonyesha kwa mikono kwamba hii ni ya mtoto, nyama isiyo halali isiingie humu hata kwa kupita. Manang akaitundika kwenye msumari wake peke yake, na mpaka anaondoka Doha sikuwahi kuona mtu mwingine akiigusa. Humo nilipikiwa biringanya, bamia na karela, vyote pamoja, na wali mweupe usio na nazi wala chumvi. Nililia siku ya kwanza. Mwezi haukuisha nilikuwa naramba mwiko.

Siku waliyopatana naikumbuka. Ilikuwa mapumziko ya mama. Manang alirudi kutoka bakala, duka dogo la Mmisri pale kona, na fungu la majani, akakaa chini, akaanza kuyachambua. Mama akapita, akarudi, akachuchumaa. "Haa! Huu si mlenda huu?" Manang hakujua mlenda, alijua saluyoti. Mama akachukua jani, akalisugua kwa vidole mpaka likatoa ute, akamwonyesha. Wakacheka wote wawili kwa kelele, wanawake watu wazima, kwa ajili ya ute. Toka siku hiyo mama akaacha kuziba pua.

Manang hakutupa kitu. Maji ya kuoshea mchele alinioshea nywele, mifuko ya bakala aliifua na kuianika kambani pamoja na soksi zangu. Nikibakiza punje za wali kwenye sahani, alikuwa anasema, "Hizo zimetoka mgongoni kwa baba yangu," na mimi nilimwona huyo baba, mgongo umeota mpunga. Maji ya moto hakuyamwaga hivihivi. Alikuwa anasimama kwanza, anasema taratibu, "Bari-bari, apo," yaani samahani, mpisheni, ninyi msioonekana. Mama naye akimwaga maji ya moto anapiga Bismillah kwa sababu hiyohiyo. Mimi nikawa nasema vyote viwili, na maji yanapoa mkononi.

Lakini desturi yake iliyoniingia zaidi ilikuwa ya mlangoni. Kwao, ukitoka mahali na mtoto, iwe bustani, iwe hospitali, iwe nyumba ya watu, unageuka mlangoni unamwita jina lake, unamwambia roho yake ije, isibaki nyuma. Roho ya mtoto ni nyepesi, inanogewa na mahali, inasahau mwenyewe ameshaondoka. Basi mimi nimeshikwa mkono hapa, na Manang anageuka kuliita jina langu huko tulikotoka, kwa sauti ya kubembeleza, kama kuna mimi mwingine kajificha chini ya kiti. Mama akimsikia alikuwa anasema, "Wewe nawe, unamwita nani na mtoto unaye?" Maneno yenyewe aliyoyasema, nayatafuta hadi leo. Maana yake ninayo, na mlio wake ninao. Maneno hayapo.

Sasa, mtoto hufanya anachokiona. Nilipofika darasa la kwanza, shule ya Kiingereza, kila kengele ya mwisho ikilia nilikuwa nasimama kwenye mlango wa darasa, nageuka, najiita mwenyewe jina langu, najibembeleza kwa Kiilokano nije, nisibaki. Kisha natoka. Kwangu ilikuwa kama kuvaa viatu. Mwalimu wetu, dada mpole tu, hakuwa na ubaya, alinitazama wiki kadhaa, mwishowe akaandika barua baba na mama waje.

Wakaenda na nguo zao za Iddi. Mwalimu akawaambia mtoto anaongea na mtu asiyekuwepo, na lugha anayoongea si ya nyumbani kwao wala si ya shule. Ana lugha nyingi mno kichwani, zinamchanganya, ndiyo maana kusoma anachelewa. Chagueni. Kiswahili na Kiingereza, basi, nyingine ziondoeni. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alirudi nyumbani, akaingia jikoni, akasimama kando ya Manang, akamweleza kwa kile Kiingereza chake cha kuungaunga.

Laiti Manang angebisha! Angekasirika, angesema mtoto huyu nimemlea mimi, mwalimu anajua nini. Hakubisha. Alikuwa anawaheshimu walimu kuliko mapadri. Aliniambia zamani kwamba hata yeye utotoni akiongea Kiilokano darasani alisimamishwa juani, na bado alisema mwalimu wake alikuwa mtu mwema aliyewatakia maisha. Basi kuanzia kesho yake getini akanisalimia kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, cha zahanati: kaa, kula, nawa mikono, umelala vizuri? Hadithi za mgongo wa baba zikaisha, maana hakuwa na maneno yake. Mlangoni akawa anatoka kimya. Mimi nilimjibu kwa Kiilokano siku kadhaa, naye akatingisha kidole, anatabasamu. Baadaye nikachoka. Mtoto hachukui muda. Mwisho wa mwaka nikapanda mpaka wa nne darasani, nyumbani tukachinja kuku, na Manang ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Aliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili. Umri wake ulikuwa umefika, zahanati haikumwongezea kibali. Tulimsindikiza uwanja wa ndege na baba, mabegi yake yamefungwa kwa kamba za katani. Alinikumbatia, akaenda mpaka mlango wa abiria, akageuka. Nikasema, sasa ataniita. Akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza, "Soma sana." Kisha akaingia. Mimi nilirudi garini nimekasirika na sikujua nimekasirikia nini. Leo najua.

Simu zilikuwepo, sikatai. Siku za kuzaliwa, Krismasi yake, Iddi yetu. Kwa Kiingereza: hujambo, shule vipi, hali ya hewa vipi. Mimi changu kilikuwa kinanenepa kila mwaka, chake kinakonda. Ilifika mahali nikawa naongea polepole kama ninavyoongea na mtoto, naye anasema ndiyo, ndiyo, na najua hajanielewa.

Basi Jumatano nikapanda gari kwenda Abu Hamour, nikidhani nikiiona vila maneno yatarudi. Vila haipo. Kuna jengo la vioo na chini yake duka la mapazia. Nilisimama juani nikijaribu kukisia jikoni kulikuwa wapi, mlinzi akaniuliza nimepotea? Nikaingia bakala, mle mle kwa Mmisri ila Mmisri hayupo, kaunta kuna dada wa Kifilipino. Nikaruka kwa furaha. Nikamwomba anifundishe Kiilokano kidogo. Akacheka, "Weee, mimi si wa kule, mimi Bisaya, lugha yetu nyingine. Wale wakiongea hata mimi nashika tama." Simu nayo, nilipoiomba initafsirie, ilinipa sentensi ndefu zilizonyooka, za mtu anayesoma taarifa ya habari. Nilizisoma kwa sauti chumbani. Hakuna hata moja iliyowahi kutamkwa kwenye jiko letu.

Alhamisi jioni nikaenda kulala kwa mama na baba, Al Rayyan. Nilimkuta anakuna nazi. Nikamwuliza, mama, Manang alikuwa anasemaje pale mlangoni? Akaacha kukuna.

"Umeanza tena mambo hayo?"

"Sijaanza kitu. Anakufa, mama. Nataka nimwambie neno."

Akainuka kwenye mbuzi, akakung'uta mikono. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwalimu alisema, mwanangu. Mimi nimeishia la saba, unabishana na mwalimu? Nilitaka usome. Na umesoma, au hujasoma?"

"Nimesoma, mama."

"Basi." Lakini mbuzi ya nazi hakuikalia tena, na usiku kucha kikohozi chake kilinifahamisha kwamba halali.

Ijumaa asubuhi, kabla baba hajaenda msikitini, nikapiga simu ya video. Mpwa akaielekeza simu kitandani. Mungu wangu! Nywele nyeupe zote, mdomo umevutwa upande. Nilikuwa nimeandaa sentensi za simu, zikanitoka zote. Nikabaki na makombo yangu, nikayamwaga kama yalivyo: innapoy, wali. Danum, maji. Asin, chumvi. Naimas, tamu. Mtu mzima wa mwaka wa tatu chuo kikuu, natajataja vitu vya jikoni huku machozi yananidondoka.

Jicho lake likasogea. Halafu akaanza kuongea. Si kwa sauti ya mgonjwa, hapana, kwa ile kasi yake ya kuchambua mboga, anateta, anacheka, anarudi nyuma, anasisitiza. Aliongea, aliongea. Na kilichoniumiza ni kwamba wimbo wa maneno niliujua wote. Nilijua hapa anatania, hapa analalamika, hapa anasimulia jambo la siri. Neno hata moja sikulishika. Nikamwuliza mpwa, anasemaje? Akasema, "Dada, mimi nimekulia Manila, hiki Kiilokano nakipata nusunusu. Anasema habari za mtoto. Sijui mtoto yupi."

Kisha Manang akanyamaza. Sauti ilikuwa imepanda mwishoni, na uso wake ukabaki wazi, unanisubiri. Aliniuliza kitu. Jamani, aliniuliza kitu, na hakukuwa na mtu duniani wa kuniambia ni nini. Neno pekee lililonijia mdomoni lilikuwa la kukubali.

"Wen," nikasema. Ndiyo.

Akanitazama. Kisha akafumba macho, chozi likatoka upande ulio mzima, akaugeuza uso wake ukutani. Mpwa akasema amechoka, tutaongea siku nyingine. Simu ikakatika.

Hadi leo sijui nilikubali nini. Labda aliuliza kama naenda zangu. Labda aliuliza kama yule mtoto alikufa. Usiniambie niende darasa la Kiilokano, najua yapo hata kwenye simu. Mimi siitaki lugha ya vitabuni. Ninayoitaka iliongewa na mtu mmoja kwa mtoto mmoja kwenye jiko moja, na tuliambiwa tuiondoe, tukaiondoa vizuri kabisa.

Mama alikuwa jikoni muda wote ule. Alikataa kukaa chumbani. Aliposikia kimya akaja, mikono inachuruzika maji, akasimama mlangoni.

"Amesemaje?"

"Amekusalimia," nikasema. "Amesema ulinilea vizuri."

Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na wewe ukamjibu? Kwa lugha yake?"

"Nikamjibu."

"Unaona?" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi miaka yote hii najilaumu bure. Kumbe haikukupotea." Akanipiga kofi dogo la begani, akanyanyuka, akarudi kwenye wali wake, na nikamsikia anaimba.