Sahani Isiyo na Maua

Kwa miaka mingi nimekusanya vyombo vya kale vya Kichina, vile vilivyokaa kwenye zidaka za ukutani katika nyumba za mtaa wa Kuze kabla wenyewe hawajaviuza. Kila nikileta kimoja nyumbani naanza kwa kukiosha, maana uchafu ukishaingia katika nyufa nyembamba za mng'ao wake hautoki tena.

Mama alipokuwa mgonjwa, nilirudi alasiri moja nikakuta sahani yangu nyeupe, ile nisiyomruhusu mtu kuigusa, iko juu ya meza ya jikoni imejaa mistari ya manjano. Nilipandwa na hasira. Niliipeleka bombani nikaisugua kwa vidole mpaka ikatakata.

Mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza, aliingia na chupa ya marashi ya waridi. Akatazama maji yakiteremka kwenye sinki.

"Mwanangu, hilo lilikuwa kombe la mamako. Maalim ametoka sasa hivi."

Sahani zetu nyingine zote zina maua, na aya za kombe huandikwa kwa zafarani juu ya cheupe, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Niliipangusa sahani, nikairudisha kabatini.

Mama aliita kutoka chumbani, akauliza kama kombe li tayari. Mama mdogo alitia maji na marashi katika glasi, akanipa mimi nimpelekee.

Mama alipiga bismillahi, akanywa yote. Akauliza mbona leo hasikii zafarani.

Nikamwambia zafarani ya siku hizi haina kitu.