Sanduku la Luhende

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, mashine yangu ya kukoboa mpunga ikanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia kitu ambacho siku nyingine kelele zingekifunika. Mjukuu wangu Neema alikuwa amekaa juu ya magunia na kaspika kake kadogo. Kalikuwa kanadunda, dum, ta-dum-ta, dum, ta-dum-ta, na mwanamume ndani yake anaimba harakaharaka kama mtu anayemwaga karanga kwenye bati. Nina mashine mbili hapa Nyasubi, nimezipata kwa jasho langu, na sijawahi kumwomba jirani hata chumvi. Lakini nilishika ukuta.

"We Neema, huyo anasema nini?"

"Sijui, Bibi. Hii regetoni. Kihispania hicho."

"Hujui anasema nini, na unatikisa kichwa?"

"Sasa Bibi, kichwa nacho kimesoma? Kinatikisika chenyewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Miaka yote hii sikujua ile lugha iliyonitisha utotoni inaitwaje, na leo mtoto ananitajia jina lake huku miguu inaning'inia. Ndiyo maana nakaa kuandika. Shule niliishia darasa la tatu. Anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke, ila ashibe kwanza mchele niliomkobolea.

Nilizaliwa Samuye, Shinyanga, kwenye kaya iliyozungushiwa ua wa minyaa. Baba yangu alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbishaji, na ngoma yake ilikuwa ya majembe. Wanaume ishirini wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa pamoja, ardhi inatetemeka, vumbi linapanda mpaka unatafuna mchanga ukiwa umefunga mdomo. Jina lake lilijulikana mpaka Mhunze. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa, na kazi yangu uwanjani ilikuwa kushika kibuyu chake cha maji.

Kwetu ngoma ilikuwa vita. Pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, makundi mawili yanakutana, Wagalu na Wagika. Sisi tulikuwa Wagalu. Mnacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, ninyi upande huu na wenzenu upande ule. Mwamuzi hakuna. Watu wenyewe wanakimbilia kundi linalowapendeza, na atakayebaki na uwanja mtupu ameshindwa. Kwa hiyo kila ningi alikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na kila ningi alitunga nyimbo za kumtukana mwenzake. Ukitukanwa kwa wimbo, unajibu kwa wimbo. Tuliamini kabisa kwamba tusi lisilojibiwa haliishii hewani. Linamwingia mtu mwilini, linakaa, linamla polepole. Niliwahi kuona watu wakimzika ningi mmoja wa kijiji cha pili, na wazee wakinong'ona, "Hakujibu."

Sasa mwaka huo kiongozi wa Wagika alikuwa Luhende, mtu mfupi, mpole, mwenye pengo. Kwa uimbaji hakumfikia baba hata kwenye kifundo cha mguu. Siku ya mashindano alikuja na kitu kimefunikwa kaniki, akakiweka juu ya kigoda katikati ya wachezaji wake. Baba alipopandisha ngoma mpaka watu wote wamejaa kwetu, Luhende akafunua kaniki. Lilikuwa sanduku jeusi lenye bomba kama ua la boga. Akazungusha mpini pembeni, akaweka sahani inayong'aa, akarudi nyuma haraka, kama mtu aliyewasha moto kwenye nyasi kavu.

Sanduku likaimba.

Kwanza walikwenda watoto. Kisha akina mama, watoto wachanga wakirukaruka migongoni. Kisha wazee. Kisha, sitasahau, wapiga ngoma wetu wawili waliweka fimbo chini wakaenda, na ngoma zilipokufa ile sauti ikatufikia vizuri. Ilikuwa sauti ya mwanamume asiye na mwili, na nyuma yake vitu vinagongwa na vingine vinalia. Haikuwa Kisukuma wala Kiswahili. Mzee mmoja aliyepigana vita kuu vya pili kule Bama, aliyejidai anajua lugha zote za wazungu, alisikiliza akasema hiyo si ya wazungu anaowajua yeye. Basi hapo hofu ikawa kamili. Tusi la Kisukuma ningi anaweza kulijibu. Hili utalijibuje?

Baba alibaki na jembe mkononi. Mimi nilibaki naye, na nisijisifu, nilibaki kwa sababu ya kibuyu. Aliniambia nisikiachie.

Usiku huo alipata homa. Kesho yake hakula. Mama alimpikia uji, ukaganda ngozi juu. Mfumu, mganga wetu, aliitwa. Akapasua kuku, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akafuta mikono. "Kuna sauti imemwingia," akasema. "Si ya hapa. Isipojibiwa haitoki." Mama akauliza itajibiwaje na hakuna aliyejua imesema nini. Mfumu akachukua mguu wake wa kuku akaondoka. Mama akatukataza kabisa kuutaja ule wimbo, hata kwa mluzi, kwa sababu kuuleta ndani ni kumwongezea mgonjwa sumu.

Mimi nikalala macho wazi. Kwenye akili ya mtoto hesabu ilikuwa fupi. Baba atakufa. Hatakufa akijibu. Hawezi kujibu kwa sababu hakuyashika maneno. Basi mtu ayafuate maneno.

Kila jioni ng'ombe wakirudi, Luhende alilitoa sanduku lake uani na kulipiga. Njia yangu ya lamboni kuchota maji ilipita nyuma ya ua wake. Jioni ya kwanza niliweka mtungi chini nikajipenyeza kwenye minyaa. Asiyeijua minyaa nimwambie, ukivunja kitawi kinatoka maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni unaweza kuwa kipofu. Nilifumba macho. Mbele yangu sauti inayoua watu, kila upande maziwa yanayopofusha, na mbu wananila nisiweze kumpiga hata mmoja. Sauti ilipoanza, niliziba masikio kwa viganja. Kisha nikakumbuka kwamba masikio ndiyo niliyoyaleta, nikayafungua. Mkojo ukanitoka. Nauandika huo nao, kwa kuwa niliapa kusema yote.

Nilijifunza ule wimbo kama tulivyofundishwa nyimbo za ngoma, kipande kwa kipande. Kila kipande nilichokishika nilikifungia fundo kwenye pindo la nguo yangu. Jioni ya kwanza fundo moja, ya pili mawili. Njiani nilikuwa nakanyaga kwa mapigo yake huku midomo imefungwa, maana niliogopa nikikitamka kwa sauti kitaniua mimi kabla sijafika. Nyumbani baba alikuwa akipungua. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana.

Jioni ya nne Luhende alinikamata. Alizunguka nyuma ya ua kumtafuta ndama, akaiona miguu yangu.

"Nani huyo?"

"Shikamoo," nikasema kutoka ndani ya minyaa.

"Marahaba." Akainama. "Kabula? Mtoto wa ningi? Toka humo! Unasalimia watu toka kichakani kama kware?"

Nikatoka. Macho yake yakaenda kwenye pindo langu, akaona mafundo manne, na yule mtu mzima akaruka nyuma hatua mbili.

"Nini hicho umefunga? Umetumwa! Umetumwa kuja kuliua sanduku langu!"

"Sijatumwa, baba."

"Hayo mafundo ni dawa gani? Sema!"

"Ni maneno."

"Maneno ya nani?"

"Ya sanduku lako."

Luhende aliangalia uani kwake, ambako sahani ilikuwa imekwisha, inakwaruza tu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichuchumaa akaninong'oneza, "Mwanangu. Kwani linasema nini?"

"Sijui."

"Hata wewe?" Akajikuna shingo. "Mimi nalipiga kila jioni, na kila jioni nasema huenda ni mimi linanitukana. Mke wangu hataki lilale ndani." Akasimama, akakunja uso kama mkubwa. "Haya, nenda. Chukua na mafundo yako. Usiniachie hata moja!"

Nilikimbia na mtungi mtupu.

Mama alikuwa jikoni. Baba amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, macho kwenye nyasi za paa. Alinuka homa na mizizi iliyochomwa. Nilisimama mlangoni nikiwa nimelishika pindo langu. Sijapata kuogopa hivyo tena maishani, na nimetekwa na majambazi njia ya Geita nikiwa na mzigo wa mchele. Jambazi unamwona uso. Pale nilikuwa na kitu kinywani ambacho kingeweza kumponya baba yangu au kumuua, na sikujua ni kipi.

"Baba," nikasema. "Nimekuletea."

Hakugeuka. Nikafungua fundo la kwanza na kuimba. La pili. Sauti yangu ilikuwa inakatika. La tatu. Nilipofika la nne, baba alijivuta taratibu akageukia ukutani, akatulia.

Nikajua nimemuua.

Sikulia. Nilikaa chini palepale nikiwa na pindo lisilo na fundo, nikasubiri mama aje aniulize. Nilikuwa tayari nimepanga nitakwenda kuishi wapi. Kwenye ngitili, kwenye majani ya malisho, pamoja na fisi, maana mtu aliyemuua baba yake hana kaya.

Kutoka ukutani sauti ikasema, "Rudia."

Nikarudia, toka kipande cha kwanza.

"Kipande cha tatu umekiharibu, mayu," akasema. Mayu ni mama. Ndivyo baba wa Kisukuma anavyomwita binti yake akimpenda. "Kinapanda mwishoni. Sikiliza." Na akakiimba, kwa koo kavu, bila kukosea hata punje.

Mama akaingia mbio na mwiko, ugali umeugandia. Nikapigwa nao moja la mgongo kabla sijasimama. "Umeuleta humu! Umeuleta!"

"Mwache," baba akasema. "Ule uji bado upo?"

Alikunywa uji wa uwele bakuli zima, akaomba lingine. Siku ya tatu alitoka nje akiegemea mpini wa jembe. Mwaka uliofuata alicheza tena. Baadhi ya watu walirudi kwetu, baadhi wakabaki kwa Luhende mpaka lile sanduku lilipokatika mshipa ndani. Wimbo wa kujibu baba hakuutunga kamwe. Nilimwuliza mara moja, akaniambia niende nikachote maji.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi nilimponya kwa kumpelekea maneno. Nilijivuna nalo sana, kimyakimya. Sikujiuliza swali ambalo hata mbumbumbu angejiuliza. Baba alikuwa ameushika ule wimbo tangu siku ya uwanjani. Ningi anasikia mara moja tu. Alikuwa nao kichwani siku zote nne, kila kipande na kupanda kwake. Maneno hayakuwa yamepungua pale kitandani. Sasa nilimpelekea nini?

Nilikuja kujua nikiwa na miaka hamsini na kitu. Kijana mmoja alifungua mashine mpya mbele ya mlango wangu hapa Nyasubi, kubwa, inatoa mchele mweupe umekwisha kuchambuliwa mawe. Kwa asubuhi moja wateja wangu wote walivuka barabara. Walinipungia na mikono. Niliingia ndani nikalala, mwili ukawaka, chakula kikawa kama pumba mdomoni. Hospitali walinipima damu na mkojo, wakaniambia, "Mama, hatuoni ugonjwa." Nikiwa nimeangalia bati la dari, nikamwona baba yangu ameangalia nyasi za paa. Nikaona aibu kwamba mtu niliyemjua mkubwa kama mbuyu nilimdhania amelogwa, kumbe alikuwa na hofu kama yangu mimi kwenye minyaa. Mtoto hawezi kujua hilo. Mtoto anadhani hofu inaisha ukiota ndevu.

Siku ile ya sanduku alisimama na jembe akaona watu wote wanakwenda, hata wapiga ngoma aliowafundisha toka wakiwa wadogo, na hakurudi hata mmoja kumwambia kuna nini kule. Siku nne alilala akisubiri. Kisha mtoto wake akaja mlangoni ananuka mkojo na minyaa, ni kama anamwambia, kule walikokwenda wote nami nimekwenda, na nimerudi.